Je, Wajua? Mlango Mdogo Unaoshikilia Mimba

Moyo huimbwa kwenye taarabu, ubongo husifiwa madarasani, na figo zimetengewa siku maalumu kila mwaka. Mlango wa kizazi, ambao wengine huuita shingo ya kizazi, tunausikia zaidi pale saratani inapotajwa. Kumbe ndio uliokuzuia usije duniani kabla ya wakati wako! Karibu tuone unavyofanya kazi, kinachotokea unapolegea mapema, na jinsi uzi mmoja ulivyowapa akina mama wengi watoto waliokuwa wamekata tamaa ya kuwapata.

Sentimita 4 dhidi ya kilo 4

Mlango wa kizazi wa mjamzito una urefu wa sentimita 3 hadi 4 tu, lakini mimba inapokaribia kutimia unakuwa umeshikilia mzigo unaozidi kilo 4. Hesabu mwenyewe: mtoto wa kilo 3, kondo la nyuma la nusu kilo hivi, na maji ya uzazi yanayokaribia lita moja. Siku ya uchungu ikifika, mlango huohuo hufunguka hadi sentimita 10 ili kichwa cha mtoto kipite, kisha baada ya wiki chache unakuwa umeshajifunga. Miezi tisa unabana, saa chache unaachia, na kazi zote mbili zinafanywa na kiungo kimoja.

Hauna misuli ya kujivunia

Ukidhani mlango wa kizazi hujifunga kwa nguvu ya misuli, umekosea pamoja na madaktari wengi wa zamani. Mwaka 1947 Mmarekani David Danforth alionyesha kwamba sehemu kubwa ya kiungo hiki ni nyuzinyuzi za kolajeni, protini ileile inayoipa mishipa migumu ya viungo vyetu uimara wake. Misuli ni kiasi kidogo tu. Hilo lina maana kubwa kwa mama aliyepoteza mimba. Nyuzi hizo hazina mazoezi ya kuzitia nguvu, na hakuna mtu anayeweza kuzibana kwa kukusudia. Anayemwambia mama kwamba "hakujikaza" anamlaumu kwa jambo lisilowezekana kimaumbile.

Kutoka ncha ya pua hadi midomo

Wanafunzi wa ukunga hufundishwa kipimo ambacho kila mtu anacho usoni. Mlango wa kizazi wa mwanamke asiye mjamzito ukiguswa ni mgumu kama ncha ya pua. Wa mjamzito ni laini kama midomo. Daktari William Goodell wa Philadelphia aliieleza dalili hiyo katika karne ya 19, na hadi leo inaitwa kwa jina lake. Ulaini huo huanza wiki za mwanzo kabisa za ujauzito. Maajabu yenyewe ni kwamba mlango unalainika kwa miezi kadhaa huku ukibaki umefungwa.

Kizazi hakisahau mtoto wa kwanza

Tundu la nje la mlango wa kizazi hubadilika umbo moja kwa moja baada ya kuzaa kwa njia ya kawaida. Kwa mwanamke ambaye hajawahi kuzaa ni kidoa cha mviringo. Kwa aliyezaa ni mstari uliolala, mfano wa mdomo uliofumbwa. Ndiyo maana mkunga mzoefu akichungulia kwa spekulamu anaweza kujua, kabla hajauliza, kwamba mama huyu amewahi kuzaa.

Kuna kizibo, na kizibo kina silaha

Ndani ya mfereji wa mlango wa kizazi wa mjamzito hukaa donge la ute mzito linalouziba kabisa. Ute huo una kemikali za asili zinazoua bakteria, hivyo huwazuia wadudu wa ukeni wasipande hadi kwa mtoto. Akina mama wengi huliona donge hilo likitoka na damu kidogo siku za mwisho, wakajua kwamba safari ya kujifungua imekaribia. Likitoka mwezi wa tano, kinga ya mtoto imeondoka na mlango huenda umeanza kufunguka.

Hufunguka bila kubisha hodi

Mimba kubwa inaweza kutoka bila mama kusikia uchungu wowote wa maana. Hivyo ndivyo ulegevu wa mlango wa kizazi unavyofanya kazi yake mbaya: mara nyingi kati ya wiki ya 16 na ya 24, mlango unafupika, unafunguka, chupa ya uzazi inaning'inia ukeni, na mara maji yanamwagika. Hali hii huipata takriban mimba 1 katika kila 100, au pungufu ya hapo.

Wapo wanaopata dalili ndogo zinazopuuzwa kwa urahisi. Mama huhisi uzito chini ya kinena, kana kwamba kuna kitu kinasukuma kushuka. Mgongo unauma kwa chini, tumbo linabana kidogo kama la hedhi, ute wa ukeni unaongezeka au unabadilika rangi, matone ya damu yanaonekana. Dalili hizo humpata hata mjamzito mwenye afya njema, lakini zikitokea katika miezi hii ya katikati, haifai kungoja siku ya kliniki. Unakwenda hospitali siku hiyohiyo.

Si ndoo ya maji, si ngazi, si mkono wa mtu

Katika sababu zinazojulikana za mlango wa kizazi kulegea, kubeba ndoo haimo, wala kupanda ngazi, wala kijicho cha jirani. Zinazotajwa na madaktari ni hizi: maumbile ya kuzaliwa nayo, mlango kuchanika katika uzazi uliotangulia, kupanuliwa kwa vyombo mara kwa mara wakati wa kusafishwa kizazi, upasuaji wa kukata kipande cha mlango chenye dalili za awali za saratani, maradhi ya kurithi yanayodhoofisha kolajeni ya mwili mzima, na upasuaji wa kujifungua uliofanywa mlango ukiwa umeshafunguka wote. Wanawake wengi waliopitia mambo hayo huzaa bila tatizo, na wengi wenye tatizo hawana hata moja kati ya hayo. Mama aliyepoteza mimba anastahili kuambiwa hivyo kwa sauti, mbele ya mawifi na mashemeji.

Hakuna kipimo cha kuugundua kabla ya mimba

Madaktari wanaweza kupima damu yako, moyo wako na hata vinasaba vyako, lakini hawana kipimo cha kuaminika cha kujua kama mlango wa kizazi utahimili mimba ambayo bado haijaingia. Zamani walijaribu kuupitisha mfululizo wa vijiti vya chuma vya unene tofauti, vinavyoitwa kwa jina la Mjerumani Alfred Hegar. Kijiti cha milimita 8 kikipita bila kizuizi, mlango ulihesabiwa kuwa umelegea. Njia hiyo imeachwa kwa sababu haikutabiri vizuri. Kinachobaki ni historia ya mimba zilizotangulia na picha ya altrasaundi mimba ikiwa ndani.

Daktari husoma herufi nne

Kwenye kioo cha altrasaundi, mlango unaofunguka huandika herufi: kwanza T, kisha Y, kisha V, mwisho U. T ni mlango uliofungwa vizuri. Y ni sehemu ya ndani ikianza kuachia. V ni pengo linalopanuka kama faneli. U ni chupa ya uzazi iliyoshuka karibu na tundu la nje. Kinachoshangaza ni kwamba mlango huanza kufunguka kwa ndani, upande wa mtoto, kwa hiyo anayetazama kwa nje anaweza kuona kila kitu shwari.

Na hapa kuna siri ya chumba cha vipimo. Kwa altrasaundi ya juu ya tumbo mara nyingi huambiwa unywe maji mengi, lakini kwa kipimo hiki, kinachofanywa kwa kifaa chembamba kupitia ukeni, unaambiwa ukajisaidie haja ndogo kwanza. Kibofu kilichojaa huubana mlango na kuufanya uonekane mrefu kuliko ulivyo, na urefu huo wa uongo unaweza kuficha hatari.

Milimita chache, tofauti mara 14

Mwaka 1996 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Jay Iams walichapisha vipimo vya wanawake 2,915 waliopimwa mlango wa kizazi karibu na wiki ya 24. Wastani ulikuwa milimita 35. Wakilinganishwa na wenye milimita zaidi ya 40, wenye milimita 26 au pungufu walikuwa na hatari ya mara 6 hivi ya kujifungua kabla ya wiki ya 35, na wenye 13 au pungufu walikaribia mara 14. Tangu hapo milimita 25 imekuwa mpaka ambao madaktari duniani kote huuangalia kwa makini, hasa kwa mama aliyewahi kujifungua kabla ya wakati.

Tatizo lilijulikana karibu miaka 300 kabla ya tiba

Kitabu cha tiba cha Mfaransa Lazare Rivière, kilichotolewa London mwaka 1658, kilikwisha kutaja mdomo wa mji wa mimba uliolegea kupita kiasi, na kikataja kuharibika kwa mimba na uzazi mgumu kuwa miongoni mwa visababishi. Wakati huo Ngome Kongwe ya Unguja ilikuwa bado haijajengwa. Vizazi na vizazi vya wakunga na madaktari vililiona tatizo hili bila kuwa na cha kufanya, hadi miaka ya 1950.

Uzi wa kwanza ulitoka kwenye paja la mama

Daktari aliyeubadilisha ulimwengu wa tiba hii alizaliwa katika kijiji cha Shiroda, Goa, mwaka 1899: Vithal Nagesh Shirodkar. Akiwa Bombay, mji uitwao sasa Mumbai, aliwaona wanawake ambao mimba zao zilitoka mara kwa mara kati ya mwezi wa nne na wa saba, na hakuna mapumziko wala homoni iliyowasaidia. Akaamua kuufunga mlango wenyewe mimba ikiwa ndani. Alikata ukanda mwembamba wa utando mgumu unaofunika misuli ya paja la mgonjwa, akauzungusha chini ya ngozi ya mlango wa kizazi, akaufunga.

Mbinu hiyo aliichapisha mwaka 1955 katika jarida la India, nayo ikasambaa mabara yote. Baadaye ukanda wa paja ulibadilishwa kwa utepe wa kiwandani wenye upana wa milimita 5. Serikali ya India ilimtunuku nishani ya Padma Bhushan mwaka 1960 na Padma Vibhushan mwaka 1971, mwaka aliofariki. Hadi leo, daktari wa Nairobi au Dar es Salaam akiandika "Shirodkar" kwenye faili, wenzake wote wanajua amefanya nini.

Miaka miwili baadaye, Melbourne wakarahisisha

Mwaka 1957 Ian McDonald wa Melbourne, Australia, alieleza wagonjwa 70 aliowashona kwa njia nyepesi zaidi, na ndiyo inayotumika sana leo. Mama huchomwa ganzi ya mgongoni. Daktari hushika mlango wa kizazi kwa koleo maalumu, hupitisha sindano mara nne au tano kuuzunguka, kisha huvuta ncha mbili za uzi mpaka mlango ukaze, akafunga fundo upande wa mbele. Ncha za uzi huachwa ndefu kidogo kwa makusudi: miezi mitano baadaye, mtu lazima alione fundo hilo ili alikate.

Mshono wa kupangwa huwekwa kwenye wiki ya 12 hadi 14, na hutolewa wiki ya 36 au 37. Kuutoa huwa jambo la dakika chache, mara nyingi bila ganzi, na baadhi ya akina mama hukaa wiki kadhaa zaidi kabla uchungu haujaanza. Ila uchungu ukianza uzi ukiwa bado ndani, au chupa ikipasuka, mama awahi hospitali bila kuchelewa, kwa sababu uzi unaweza kuuchana mlango.

Kichwa chini, miguu juu

Hata chupa ya uzazi ikiwa imeshachungulia, bado kuna kinachoweza kujaribiwa. Kitanda cha upasuaji huinamishwa, kichwa cha mama kikawa chini na miguu juu, ili uzito wa mimba urudi nyuma. Wakati mwingine kibofu hujazwa maji kwa mpira ili kiinue chupa kutoka chini, au kipulizo kidogo chenye maji hutumika kuisukuma taratibu huku daktari akishona. Ni kazi ya mkono mwepesi mno, maana chupa ikitoboka matumaini hupungua sana. Haifanikiwi kila mara, lakini wapo watoto wanaokwenda shule leo kwa sababu ya dakika hizo.

Mmoja katika kila 25

Je, kila mwenye wasiwasi ashonwe? Utafiti mkubwa wa nchi 12 uliochapishwa Uingereza mwaka 1993 uliwagawa katika makundi mawili wanawake 1,292 ambao madaktari wao hawakuwa na hakika kama mshono ungewafaa. Waliojifungua kabla ya wiki ya 33 walikuwa asilimia 13 kwa walioshonwa na asilimia 17 kwa wasioshonwa. Maana yake, katika kila wanawake 25 wa kundi hilo walioshonwa, 1 ndiye aliyenufaika. Kwa mama ambaye mimba zake tatu au zaidi ziliisha kabla ya wakati faida ilikuwa kubwa zaidi, na hapo ndipo historia ya mama inapokuwa na uzito kuliko mashine.

Mapacha wana kanuni zao

Ungetegemea kwamba wenye mapacha, kwa mzigo wao mkubwa, wangekuwa wa kwanza kushonwa. Uchambuzi wa mwaka 2005 ulionyesha kinyume: kuwashona kwa sababu tu mlango umeonekana mfupi kulihusishwa na kuzaa mapema zaidi. Hata hivyo, utafiti wa mwaka 2020 ulionyesha faida kwa mama wa mapacha ambaye mlango wake ulikuwa umeshaanza kufunguka. Ndiyo sababu daktari anaweza kumshona dada yako na kukataa kukushona wewe, na akawa sahihi mara zote mbili.

Kidonge cha usiku chenye matokeo makubwa

Si kila mlango mfupi unahitaji sindano na uzi. Timu ya Kypros Nicolaides ya London iliwapima wanawake 24,620, ikawapata 413 wenye mlango wa milimita 15 au pungufu, na 250 kati yao wakakubali kuingia kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2007. Waliopewa projesteroni ya kuweka ukeni kila usiku, miligramu 200, walijifungua kabla ya wiki ya 34 kwa asilimia 19. Waliopewa kidonge kisicho na dawa, asilimia 34. Projesteroni ni homoni ambayo mwili wa mama huitengeneza wenyewe ili kuutuliza mji wa mimba.

Kitanda si tiba

"Lala tu, usishuke kitandani" ni ushauri wa upendo, lakini ushahidi hauuungi mkono. Uchunguzi wa Marekani wa mwaka 2013 kwa wenye mlango mfupi ulikuta kwamba waliozuiwa shughuli zao walijifungua kabla ya wakati kwa asilimia 37, na walioendelea na maisha yao kwa asilimia 17. Haithibitishi kwamba kitanda ndicho kilichosababisha, ila faida haikuonekana, na kulala muda mrefu huongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Mwulize daktari wako upunguze nini hasa, na kwa muda gani.

Dawa ya kulinda mimba iliyowadhuru mabinti

Kuanzia miaka ya 1940, mamilioni ya wajawazito wa Marekani na kwingineko walipewa diethilistilbestroli, homoni ya maabara iliyotengenezwa Uingereza mwaka 1938, ili mimba zisitoke. Utafiti wa Chicago wa mwaka 1953 ulionyesha haisaidii, lakini iliendelea kuandikwa. Mwaka 1971 madaktari wa Boston waligundua saratani adimu ya uke kwa wasichana 8, na mama 7 kati ya mama zao walikuwa wameimeza. Baadaye ikaonekana kwamba mabinti wengi waliokuwa tumboni wakati huo walikua na mji wa mimba wenye umbo lisilo la kawaida na mlango dhaifu, hivyo nao wakapoteza mimba. Ukiona leo dawa za wajawazito zinachunguzwa miaka na miaka kabla ya kuruhusiwa, kisa hiki ni moja ya sababu.

Wengine hushonwa kwa juu, kupitia tumboni

Kwa mama ambaye mshono wa ukeni umeshindwa, kuna mlango wa pili wa matumaini. Mwaka 1965 Wamarekani Ralph Benson na Roger Durfee walieleza jinsi ya kupita tumboni na kuufunga mlango wa kizazi sehemu yake ya juu kabisa. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2020 uliwafuatilia wanawake wa aina hiyo: waliofungwa kwa juu walijifungua kabla ya wiki ya 32 kwa asilimia 8, na walioshonwa tena kwa chini kwa asilimia 33. Mtoto wa mshono huu huzaliwa kwa upasuaji, na uzi unaweza kuachwa palepale kumngoja mdogo wake.

Inawezekana kuzaa ukiwa umebakiwa na kipande tu cha mlango

Mwishoni mwa miaka ya 1980, Mfaransa Daniel Dargent wa Lyon alianza kuwafanyia wanawake wenye saratani changa upasuaji wa kuondoa sehemu kubwa ya mlango wa kizazi huku mji wa mimba ukiachwa. Uzi wa kudumu hufungwa mahali mlango ulipokuwa, na baadhi ya wanawake hao wamepata watoto. Kwa Afrika Mashariki, ambako saratani hii huwapata wengi wakiwa bado wanataka kuzaa, hiyo ni sababu nzuri ya kwenda kupimwa mapema: saratani changa huacha njia nyingi wazi.

Ng'ombe ana pete tatu au nne

Mlango wa kizazi wa ng'ombe una pete ngumu 3 au 4, na mtaalamu wa uhimilishaji anazijua kwa vidole vyake. Huvaa glovu ndefu inayofika begani, huingiza mkono kwenye njia ya haja kubwa, huushika mlango kupitia ukuta wa utumbo, na kwa mkono wa pili hulipenyeza bomba la mbegu pete baada ya pete. Kwa kondoo pete zimebana kiasi kwamba mara nyingi mbegu hupelekwa kwa upasuaji mdogo wa tumboni. Binadamu hana pete hata moja. Mfereji wake umenyooka, na kufungika kwake kunategemea nyuzi na ute.

Muhimbili ilisaidia kubadilisha malezi ya njiti duniani

Mlango ukishindwa kuhimili hadi mwisho, mtoto huzaliwa njiti, na duniani walizaliwa njiti milioni 13.4 mwaka 2020, karibu mtoto 1 katika kila 10. Mwaka 1978 huko Bogotá, Colombia, Edgar Rey Sanabria alianza kuwaweka njiti kifuani kwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Kwa miaka mingi ilishauriwa kungoja mtoto atulie kwanza. Kisha hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, Muhimbili ikiwemo, zikajaribu kuanza mara tu baada ya kuzaliwa kwa watoto wa kilo 1 hadi 1.8. Matokeo ya mwaka 2021: vifo vya siku 28 za mwanzo vilikuwa asilimia 12 badala ya 15.7, na utafiti ukasimamishwa kabla ya muda kwa sababu faida ilikuwa dhahiri.

Kipimo chenye nguvu zaidi ni sentensi moja ya mama

Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito aonane na watoa huduma angalau mara 8, mara ya kwanza ikiwa kabla ya wiki ya 12 kwisha. Sasa linganisha na wiki ya kushona: 12 hadi 14. Mama anayeanza kliniki mwezi wa tano anaweza kufika wakati mlango umeshaamua. Kwa hiyo, kama uliwahi kupoteza mimba kubwa, au kujifungua ghafla bila uchungu mkali, ukijua tu una mimba nyingine nenda kliniki na umwambie nesi au mkunga maneno kama haya: "Mimba yangu iliyopita ilitoka ikiwa na miezi mitano, na sikusikia uchungu." Hakikisha ameyaandika kwenye kadi, kisha uliza utapimwa mlango wa kizazi lini. Baba naye ayajue maneno hayo kwa moyo, maana siku nyingine ndiye atakayeulizwa.